Sombe Niliyompa Mdogo Wangu Mlimani

Mchungaji wetu hapa Black Rock, mtaa wa Buffalo, hapendi nisimulie kisa hiki, na wewe huenda ukacheka. Lakini ilikuwa asubuhi, nilikuwa macho, na sufuria niliibeba mwenyewe.

Mdogo wangu wa mwisho, Baraka, alikuwa mahututi kule Louisville. Alikataa chakula, hata uji. Mdogo wangu mwingine, Neema, alitoka Columbus kwenda kumuuguza. Mimi kiwandani walininyima ruhusa. Wazazi walipokufa niliacha shule ili niwalee hao wawili, na sasa nikawa mtu wa kushika simu tu.

Mwenzangu wa kiwandani, mama mmoja kutoka Burma, akaniambia kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, "Twende kwenye hekalu letu. Nyumbani unalia bure." Hekalu hilo la Wabudha liko juu ya mlima, nje ya Buffalo, palipokuwa na kasri la tajiri wa zamani. Nikapika bugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga. Nani anaenda kwa watu mikono mitupu?

Mwenzangu alitangulia kuvua viatu mlangoni. Mimi nikapumzika kwenye ukuta uliobomoka wa kasri. Juu ya mawe alikaa Baraka.

"Yaya," akaniita. Ndivyo kwetu tunavyomwita mkubwa. "Niko na njaa."

"Baraka! Umefika huku namna gani?"

"Donc, yaani utanilisha maulizo? Lete sufuria."

Wewe ungefanya nini? Nilimpa. Alikula haraka bila kuniangalia. Alipobakiza kidogo nikakomba, kama nilivyozoea tangu tubaki yatima: wadogo kwanza, mimi mwisho. Nilipoinua uso, mawe yalikuwa matupu.

Mwenzangu akarudi. "Umemaliza yote peke yako? Na watawa je?"

Kabla sijajibu, simu ikalia. Neema alikuwa analia na kucheka. "Yaya, ameamka! Anaomba maji ya kunawa. Mikono yake inanuka sombe, na mimi sijapika sombe hapa!"

Baraka alipona, amerudi kazini, ananenepa. Anasema hakumbuki kitu. Lakini mimi, niamini, tangu siku ile nakula na sishibi. Daktari hajaona ugonjwa. Nilimlisha ndugu yangu, au kuna mwingine aliyekula kwa mikono yake? Sijui hadi leo.

Ukimkuta mtu wako mahali ambapo hawezi kuwa, naye analia njaa, mpe. Mimi ningempa tena. Ila mabaki yake yamwage chini, uondoke na njaa yako mwenyewe.