Koti yangu ku mizani

Bandugu, leo ku ndege ya kidogo ya kutoka muji wa Baraka mi nimevuliwa koti mbele ya bantu bote.

Nilikuwa naenda Lubumbashi, kisha ku parki, kupiga picha za tembo. Mizigo ya kamera ilikuwa imepita kilo zenye kuruhusiwa. Basi nikaficha lensi tatu ndani ya koti.

Mbele yangu kulikuwa mama na gunia ya ndagala za kukauka, ya kupelekea binti yake aliyezaa juzi.

Na huu mudomo wangu: "Mama, hii ndege si mutumbwi. Punguza."

Akapunguza nusu. Dada yake aliyemusindikiza akairudisha nyumbani na pikipiki.

Kumbe hata bantu banapimwa. Mi ni mwembamba, munanijua. Mwenye mizani akaona kilo zangu, akanitazama: "Papa, toa hiyo koti."

Lensi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Mama akafungua gunia yake. "Leta hapa, mwanangu. Nafasi iko."

Tulipofika, akazitoa moja moja, akizipanguza na kikwembe chake cha kiunoni ili zisinuke samaki.

Nilisema aksanti tu. Musamaha sikuuomba.

We ungemwambia nini?