Siku Tuliposimamisha Msumeno wa Kisarawe

Siku ya kwanza niliporipoti kazini Kibaha, Mkaguzi Mkuu hakunipa kiti. Alinichukua moja kwa moja hadi kiwanda cha korosho, akaniambia nisimame mlangoni nifumbe macho.

"Sikiliza kwanza, binti. Mashine nzima huimba. Inayoumwa hukohoa."

Nilisimama pale, moshi wa maganda ukinizunguka, sauti zikija na kuondoka kama watu wanaosemezana usingizini. Mpaka leo nikisinzia barazani huzisikia.

Tulikuwa wakaguzi wa viwanda. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Mpango wa Serikali ulikuwa mkubwa, nasi tulikuwa wachache. Kila mahali pa kazi pawe na kamati ya usalama ya wafanyakazi, sanduku la huduma ya kwanza, na kinga, yaani kizuizi cha kuziba sehemu ya mashine inayozunguka. Mpango uliandikwa ofisini, lakini kuutekeleza kulihitaji mtu apande Landrova, ale vumbi, abishane na wakubwa.

Nilipohamishiwa Kisarawe, nilikuta kiwanda cha kupasua mbao kwenye njia ya kwenda Marui. Asubuhi ile unga wa mbao ulielea kwenye miale ya jua, kila kitu kikawa cha dhahabu, hata watu. Katikati ya uzuri huo, mkanda mrefu uliozungusha msumeno ulikuwa ukikimbia wazi, karibu kabisa na goti la fundi aliyeitwa Sefu.

Nikaamuru mashine izimwe.

"Ndugu mkaguzi," meneja alisema, "hapa napasua mbao za madawati ya vijiji. Unataka watoto wakae chini?"

"Nataka baba zao warudi nyumbani," nikajibu.

Sefu ndiye aliyeniumiza zaidi. Alifuta jasho, akasema taratibu, "Dada, unatufungia riziki."

Nilivua viatu vya ofisini, nikashika upande mmoja wa wavu wa chuma, kinga ya mkanda ule, uliokuwa umetupwa nyuma ya kiwanda. Baada ya kusitasita, Sefu akashika upande wa pili. Kabla jioni haijaingia, kinga ilikuwa imesimama na msumeno unanguruma tena.

Masika yalipopita nilirudi. Wavu ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyopigwa teke. Mkanda ulikatika ukienda kasi, Sefu akanieleza, ukaruka, ukagonga pale. Aliinama, akapapasa goti lake. Kisha akasema, "Wenzangu wamenichagua mwenyekiti wa kamati ya usalama. Karibu chai, dada."

Sasa nimestaafu. Wenzangu waliojenga barabara huwaonyesha wajukuu barabara zao. Mimi sina cha kuonyesha, maana kazi yangu ilikuwa mambo yasitokee. Lakini nikienda soko la Kisarawe, huwaona wazee waliowahi kufanya kazi viwandani wakimenya machungwa kwa mikono yao mizima, bila haraka. Nami husimama nikiwatazama, mpaka mmoja wao aniulize kama nimepotea.