Bakuli la Nyamizi

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Mpanda, sikushika sindano wala kipimajoto. Matroni, mama mnene mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, alinisimamisha mbele ya foleni ya wagonjwa wa nje akasema, "Leo kazi yako ni ndimi. Kila anayepita atoe ulimi, nawe uniambie umeona nini." Nilikuwa nimeshuka treni ya Kaliua jana yake, vumbi la behewa bado liko masikioni, na nilijiona msomi. Kuchungulia vinywa vya watu asubuhi nzima nilikuona ni kudharauliwa.

Kumbe nilikuwa nafundishwa. Ulimi mwekundu uliolainika, pembe za mdomo zilizochanika: mara nyingi hapo mwili unadai vitamini B. Na vitamini B si kitu kimoja, ni ukoo mzima. Thiamini husaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu na kulinda mishipa ya fahamu. Niasini hutunza ngozi, tumbo na akili. Foliki na B12 hushirikiana kutengeneza damu. Ukiacha B12, ambayo ini huiweka akiba ya muda mrefu, nyingi hazikai mwilini. Zikizidi hutoka na mkojo, na mtu hana budi kuzila tena na tena.

Miaka hiyo ya tisini Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Tulikuwa na vidonge vya B kompleksi, vidogo, vya njano, vyenye harufu inayoganda mkononi. Watu walivibeza sana. Mtu ametoka Ugalla na baiskeli, halafu umpe kidonge? Alitaka sindano, tena iume. Nilibishana nao mpaka nikachoka, na mimi si mwepesi wa kuchoka kubishana.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya kijiji kimoja upande wa Inyonga, chini ya mganga mfawidhi, mtu mpole aliyependa kujibu swali kwa swali. Huko ndiko nilikokutana na Nyamizi.

Aliletwa na mama mkwe wake, ambaye alisimama mbali naye. Nyamizi alikuwa amekonda, anaharisha, na akili inamruka. Ukimuuliza jina la mtoto wake anatafuta kwanza. Shingo yake ilikuwa imezungukwa na ngozi nyeusi iliyokakamaa, na mikono vivyo hivyo.

"Ni ule ugonjwa," mama mkwe alininong'oneza. "Tumeshamtengea bakuli lake. Soko la tumbaku likifungwa, mume wake atamrudisha kwao. Mtoto anabaki kwetu."

Ule ugonjwa ulikuwa UKIMWI, na siku hizo kuutaja tu kulitosha kumzika mtu angali anapumua. Nyamizi alisikia. Alikamata kanga aliyombebea mwanawe na hakuiachia mpaka nilipomaliza kumpima.

Nilipandisha mkono wa blauzi yake. Juu, pale nguo ilipofunika, ngozi ilikuwa nzima. Uharibifu uliishia palipoishia kitambaa. Nikamwita mfawidhi.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Jua limeunguza ngozi isiyo na niasini. Nadhani ni pelagra."

"Na UKIMWI je?"

"Kipimo kiko mjini. Lakini pelagra tunaweza kuitibu leo."

"Basi tuanze na tunachokiweza," akasema.

Tulimpa nikotinamidi, ambayo ni niasini ya vidonge, pamoja na B kompleksi. Kisha nikamwambia ale maharage, karanga, dagaa, na nyama ikipatikana. Mama mkwe akatikisa kichwa. "Haiwezekani, nesi. Ana mwiko."

Mwanzoni, vidonda vilipoanza kuwasha, walikuwa wamempeleka kwa mfumu, mganga wa jadi. Yule mzee aliona ngozi nyekundu, akakataza chochote chekundu: maharage, karanga zenye ganda lake, nyama, hata ulezi. Dagaa nao aliwaunganisha humo. Ale cheupe tu. Familia, kwa kumpenda, ikamtii kupita kiasi: mahindi yakakobolewa mara mbili, unga ukawa mweupe kama chokaa, na mboga ikawa mlenda kila siku. Huko kukoboa ndiko kunakoondoa vitamini nyingi. Hata dona peke yake isingemtosha, maana niasini ya mahindi imefungwa na tumbo haliipati vizuri. Ile dawa ya vidonda ilikuwa ndiyo njaa yenyewe.

Nilikasirika. Nikamwambia mfawidhi naenda kumwambia yule mzee ukweli wake.

"Aliyefunga mwiko ni nani?" akauliza.

"Yeye."

"Nani atakayeufungua?"

Nikameza hasira zangu, nikachukua baiskeli.

Mfumu alikuwa anasuka kamba ya mizinga. "Shikamoo, baba," nikapiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunigombeza?"

"Nilitaka, baba. Nimekatazwa."

Akacheka, akanipa kigoda. Nikamweleza kwamba mwili wa Nyamizi umeishiwa kitu kilichomo kwenye vyakula vile, na vidonge ni daraja tu. Chakula ndicho barabara. Akasikiliza huku akisuka.

"Chekundu huita chekundu," akasema. "Baba yangu alinifundisha hivyo. Wewe nitakuaminije? Nipe alama."

Nikamwambia vidonge vyetu ni vya njano, na anayevimeza mkojo wake huwa njano kali.

"Ndiyo ugonjwa unatoka?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "Hapana, baba. Ni dawa iliyozidi. Mwili umechukua sehemu yake, nyingine umeimwaga."

Alisuka kidogo, akaacha. "Kwa hiyo dawa imefika ndani."

"Imefika."

"Hiyo ni alama tosha. Nikiiona, nitakuja."

Aliiona, na alikuja nyumbani kwa kina Nyamizi wakati wa chakula cha mchana, nami nilikuwapo. Aliagiza maharage. Mama mkwe akaleta sahani nzuri ya mgeni. Mzee akaikataa. "Lete kwenye bakuli lake."

Bakuli la bati la Nyamizi lilikuwa limewekwa peke yake nje, chini ya kihenge. Likaletwa, likajazwa. Mzee akanawa, akamega ugali, akachovya, akala yeye kwanza. Akampa Nyamizi. Kisha akamgeukia mama mkwe kwa utani, "Na wewe, mke wangu, njaa huna?"

Yule mama alitazama vidole vya mkwewe vilivyochubuka. Halafu akanawa, naye akamega.

Kuharisha kulikoma kabla wiki haijaisha, na akili ikarudi. Ngozi ilichelewa, ikabambuka kidogo kidogo. Tumbaku iliuzwa, soko likafungwa, na Nyamizi hakurudishwa kwao.

Nilihamishwa tena, kwanza Mamba, kwenye mpunga mzuri ambao nao watu waliukoboa mpaka thiamini ikabaki kwenye pumba wanazolishwa kuku. Kisha nikarudi mjini, nikastaafia huko. Siku hizi vijana huniletea makopo ya vitamini ya dukani, yenye picha za watu wenye misuli, waniulize lipi ni zuri. Mjamzito ameze ya kliniki bila ubishi. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa atafute B12. Mwingine namuuliza kwanza jana alikula nini, na wengi huona nimewanyima siri.

Nilipostaafu nilikwenda Inyonga kuaga. Lile bakuli bado lilikuwa chini ya kihenge, kuku wanalinywea maji. Mama mkwe sasa ni bibi kizee asiye na meno, macho hayaoni. Nyamizi, mwenye wajukuu wake, alikuwa anamponda maharage yawe laini. Alimlisha tonge moja, akala tonge moja mwenyewe, kutoka sahani ileile.