Saa ya Kukosa Kivuli

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Diani, Msimamizi wa Bwawa alinikabidhi fagio, taulo na miavuli mikubwa ya ufukweni. "Kazi yako si miavuli," akaniambia. "Kazi yako ni kivuli. Mgeni akilala, kivuli kilale naye." Niliona ni kazi ya kitoto. Asubuhi kivuli huangukia upande wa bara, jioni huangukia upande wa bahari, nami nilikuwa nikivuta vitanda kukifuata.

Nilianza wakati wa kusi, ule upepo wa katikati ya mwaka, kukiwa na ubaridi. Adhuhuri kivuli kilielekea kusini, upande wa Msambweni, basi nikazoea kuvipanga vitanda huko. Disemba ilipofika nikavipanga vile vile, na wageni wawili wakababuka migongo. Msimamizi akaniita.

"Jua limehama," alisema. "Wewe umebaki ukifanya nini?"

Nikatazama chini. Kivuli cha adhuhuri kilikuwa kimegeuka, kinaelekea kaskazini, upande wa Mombasa, na hakuna aliyekigusa. Mwili ulinisisimka, nyinyi wajukuu zangu mcheke mtakavyo.

Kisha ikaja Machi. Mwanzoni mwa mwezi huo, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua letu hupita utosini kabisa. Siku hiyo miavuli ilikuwa imevuliwa nguo zake zikafuliwe, zimebaki nguzo tupu. Saa sita ilipopita kidogo, vivuli vya nguzo vilifupika, vikafupika, vikaingia ardhini. Wageni walisimama mchangani kama watu waliobandikwa. Nikaitazama miguu yangu, nayo haikuwa na kitu.

Hapo simu ya hoteli ikalia, nikaitwa. Alikuwa mama mkwe, yuko hospitali Msambweni na mke wangu.

"Amezaliwa, msichana," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini amezaliwa jua la utosi, mwanangu. Nimetoka nje nikajitazama, sina kivuli. Mtoto wa saa hii hakai. Amekuja kutazama tu. Msimpe jina."

Kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba na kunyolewa nywele za uzazini. Yule wetu hakuwa akilia. Alinyonya kidogo, kisha akafumbua macho na kutazama dari, akatazama mlango, akanitazama mimi. Neno la bibi yake halikunitoka masikioni. Niliogopa kumpenda, nasema kweli, nikiona nitampenda mgeni anayeaga.

Siku ya sita Msimamizi aliniona nimekaa kando ya bwawa, nikamweleza. Alikuwa mtu wa bara, hana maneno mengi. Akachukua dafu na kuchomeka mrija juu yake.

"Sikiza. Hili dafu ni dunia. Huu mrija ni mhimili, ule mti usioonekana ambao dunia inauzunguka. Nguzo ya mwavuli ni jua."

Akalizungusha dafu taratibu mkononi. Upande unaoitazama nguzo ni mchana, wa nyuma ni usiku. Kisha akauinamisha mrija kuelekea Mombasa, akatembea kuizunguka nguzo bila kuugeuza. Mzunguko mzima ni mwaka mmoja. Alipokuwa kusini mwa nguzo, mrija uliiinamia: ni Juni, watu wa kaskazini wana joto, sisi tuna kusi. Alipokuwa kaskazini mwake, mrija uliikimbia: ni Disemba, wao wanatetemeka kwa baridi, sisi tunaoga jasho la kaskazi, nao wanakuja kwetu kulala chini ya miavuli. Mshahara wangu, kumbe, ulitokana na dunia kukaa mshazari.

"Na katikati ya safari hizo jua linatupita juu ya kichwa," alimaliza. "Saa ile hata mimi sikuwa na kivuli. Hata ng'ombe wote wa Kinango. Umesikia tumezikwa?"

Nilimshukuru. Lakini alipoondoka nilitazama kivuli cha nguzo kikitambaa juu ya kigae, na hofu nyingine ikaniingia. Si kivuli kilichokuwa kikitambaa. Ni kigae, ni bwawa, ni hoteli nzima na mimi ndani yake, tunazungushwa kimya kimya, bila hata mlio. Tangu siku hiyo sijawahi kukanyaga ardhi nikaiamini sawasawa.

Asubuhi ya siku ya saba nilimchukua mtoto nikakaa naye kizingitini, mama mkwe akinizuia. Nikamlaza juu ya kanga nyeupe, juani. Akainua ngumi yake ndogo, na pembeni yake, juu ya kanga, ikainuka ngumi nyingine, nyeusi. Mama mkwe aliitazama muda mrefu.

"Kipo," alisema, akaenda kutafuta wembe.

Tulimwita Mwanatumu.

Nimestaafu sasa, niko Bongwe na migomba yangu. Mama mkwe ameshatangulia mbele ya haki. Mwanatumu ni mama yenu, na kila Machi huja nyumbani siku ile, tukasimama sote uani. Mimi huwaeleza habari za dafu na mrija kwa sauti ya mtu asiyeogopa kitu. Vivuli vinafupika, vinaingia chini ya nyayo, kuku nao wananyamaza. Mwanatumu hunishika mkono, uso ameuelekeza mbele. Hajawahi kutazama chini hata mara moja.

"Baba," huuliza, "kimetoka?"

Nami hungoja mpaka nione weusi kidogo upande wa bahari, ndipo ninamjibu.