Mtama Ulioinuka Ukutani

Ilikuwa mwaka ule wa theluji iliyoua kondoo. La, nimekosea, theluji ilikuwa mwaka wa nyuma yake. Huu ni ule wa mvua ya mawe, iliyoshuka Novemba mapichi yakiwa bado mabichi, ikayamwaga yote chini kama mtu aliyekasirikia chakula. Mwezi uliofuata Motlatsi, mwana wa Mamotlatsi, alikuwa arudi kutoka migodini aoe.

Nyumba ya bwana harusi hukandikwa upya, na kupamba ukuta ni kazi ya mama. Tangu aolewe kule mlimani, Mamotlatsi hakuwahi kurudia pambo. Kila mwaka alizungukazunguka bustanini na mashambani mpaka kitu kimshike: mipichi ikichanua Agosti kilele cha mlima kingali cheupe kwa theluji, matuta baada ya ng'ombe kulima, mshubiri unavyopanga majani yake mviringo, matawi makavu ya Juni. Akirudi hukandika udongo na samadi, akachora kwa uma kabla haujakauka. Kisha mvua huufuta, naye huanza tena. Miaka yote hiyo. Mabega yake yalikuwa yamechoka hata kubeba blanketi la kujitanda.

Mwaka huo alizunguka asione kitu. Kabichi zilikuwa matambara. Maboga yalibaki vikonyo.

"Wifi, umedondosha sindano?" Malineo, dada wa marehemu mumewe, alimwita kutoka njiani.

"Natafuta pambo."

"Chora yale maua ya mwaka juzi. Wageni watakula nyama, hawatakula ukuta."

"Nikirudia, wifi, basi nimekwisha."

"Ulikwisha zamani! Hebu itazame hiyo miguu."

Wakacheka wote wawili, maana miguu yenyewe ilikuwa imevimba kweli.

Siku mbili kabla ya harusi aliketi ukingoni mwa shamba. Hakuwa anatafuta tena, magoti ndiyo yalikataa. Mbele yake mtama uliolazwa na mawe ulikuwa umejikunja kwenye vifundo, kila bua limepiga kiwiko likaelekea juu. Shamba zima viwiko. Mamotlatsi akainuka bila kushika kiuno.

Kesho yake alichora tangu asubuhi. Viwiko vilipanda ukuta safu kwa safu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule alijisikia akiimba puani.

Alasiri wakafika shangazi za bibi harusi, wamemleta mwali wao amejifunika blanketi. Mkubwa wao akasimama mbele ya ukuta.

"Mkwe wetu, hiki ni nini?"

"Mtama, mkwe wangu."

"Mtama wenye mgongo uliovunjika?"

"Ulianguka, ukainuka."

"Kwa hiyo mwanetu aingie nyumba iliyochorwa maanguko, hata hajasonga ugali wa kwanza? Futa, mama. Udongo ungali laini."

Mamotlatsi akamtazama Malineo. Malineo, aliyekuwa na mdomo kwa kila mtu, akatazama viatu vyake. Motlatsi, aliyekuwa amerudi wiki ile kutoka migodini, akasema taratibu, "Mama, tusigombane na watu kwa ajili ya ukuta."

Mamotlatsi alichovya kiganja majini, akapangusa. Viwiko vilifutika haraka kuliko vilivyochorwa. Kisha akachora maua ya mwaka juzi. Mkono uliyajua, haukumngoja. Shangazi wakapiga vigelegele, na Malineo akasema, "Unaona? Yamependeza."

Lakini wakati wote wa kufuta, uso wa bibi harusi chini ya blanketi ulikuwa umeelekea ukutani.

Harusi ikapita, Motlatsi akarudi migodini. Mkwe alikuwa msichana mwenye adabu, kitambaa hadi kwenye nyusi, hamsemeshi mama mkwe ovyo. Siku moja wakipepeta mtama uani, Mamotlatsi alimuuliza. Msichana aliinamisha kichwa, akaendelea kupepeta, na mpaka Mamotlatsi anazikwa hakuna aliyemjibu:

"Mwanangu, wewe uliuona ule mtama wa ukutani kabla sijaufuta. Ulikuwa mbaya?"