Mwani Ndani ya Kibuyu cha Baba Mkwe

Jamani, mimi mpaka leo sina sura ya kupita sokoni Muleba, kwa sababu kuna wamama wa ndizi pale wakiniona tu wanabana midomo na kufyonza hewa, fyuuu, mashavu yanaingia ndani, halafu wanaangua kicheko, na mimi naongeza mwendo kama mtu aliyeacha maharage jikoni. Ndiyo, ni mimi. Acheni niwasimulie mwenyewe, maana huko Kamachumu hadithi imeshafika pabaya (eti nilitia sabuni!), na kama ni aibu yangu basi isimuliwe vizuri.

Ilikuwa siku wakwe wanakuja kujitambulisha kwa ajili ya dada yangu Koku. Mchumba anaitwa Mutalemwa, kijana wa Kagoma, mpole mpaka unamwonea huruma, ila baba yake sasa! Mzee alikuwa hataki, alishamtafutia kijana wake binti mwingine, na Mutalemwa alimbembeleza muda mrefu mpaka akakubali kuja, tena kwa kusema "nitaenda kuangalia tu." Kwa hiyo nyumbani kila mtu alitembea kwa vidole. Kosa dogo tu, mzee anageuza gari.

Na mimi wakati huo nilikuwa na wazimu wa mwani. Baada ya kumaliza kidato cha nne nilihudhuria mafunzo mafupi ya lishe pale Bukoba mjini, mwalimu akagusia vyakula ambavyo mbali na kushibisha vina faida nyingine mwilini, akautaja mwani wa kahawia, yale majani ya baharini, akapita haraka kwenda kwenye maboga. Mimi sikwenda kwenye maboga. Nilibaki kwenye mwani. Nikasoma kwenye simu mpaka macho yakawasha: una madini joto, una nyuzinyuzi, na ule utelezi wake unasemekana unaichelewesha sukari isiingie kwenye damu kwa kishindo (unasemekana! hilo neno mimi nililiruka kama dimbwi). Nikamsumbua rafiki yangu Happiness aliyehamia Tanga mpaka akanitumia kwa basi mfuko wa unga wake, mweusi-mweusi, unanuka kama dagaa waliosahauliwa juani. Akaniandikia, "Anza na kidogo sana, loweka usiku kucha uone unavyovimba, ndiyo uweke kwenye uji." Kuloweka usiku kucha! Mimi ninayesimama mlangoni kusubiri maji yachemke?

Sasa sikieni kilichoniponza. Koku aliwahi kuninong'oneza kwamba baba yake Mutalemwa ana kisukari, na kwamba ni siri, wanaojua ni mkewe na kijana wake tu, ndugu zake hawajui, maana mzee ndiye anayewacheka wenzake wakiugua. "Asimwe, hili life na wewe," akasema. Nikaapa.

Asubuhi ya ugeni mama na shangazi wakakamua omuramba, ile juisi yetu ya ndizi mbivu, tamu mpaka meno yanashtuka, na mimi nikiwa nasuuza vibuyu wazo likanipiga: huyu mzee atakunywaje hii? Na hawezi kukataa, kwa sababu kukataa kibuyu ukweni ni kama kuwatukana wenyeji. Si nitamsaidia tu kimyakimya?

"Mama, nikitia mwani kidogo kwenye..."

"Asimwe, usiguse kitu. Huo unga wako wa samaki tutaujaribu wageni wakishaondoka."

"Siyo wa samaki, mama, ni..."

"Nimesema!"

Akatoka kwenda kuangalia ndizi. Nami nikachota unga, nikatia kwenye kibuyu nilichomtengea mzee. Kijiko, cha pili, halafu nikaona hata rangi haibadiliki, nikamimina tu kutoka kwenye mfuko, nikatia na tangawizi kuua harufu, nikakoroga, nikaonja, ikapita kooni vizuri kabisa. Nikajiona daktari.

Wageni wakaja, mzee katika kanzu nyeupe na koti, nikapiga magoti mbele yake na kibuyu. Kwetu humpi mgeni kibuyu bila kuonja mwenyewe kwanza mbele ya macho yake, ajue hujamwekea kitu. Nikaonja kwa mrija, nikameza, nikampa. Akapokea. Lakini hakunywa! Msemaji wao, mdogo wake mzee, akasimama akasema kwanza tujuane, mzee akakiweka kibuyu katikati ya miguu, na utambulisho ukaanza: huyu ni shangazi, huyu ni mtoto wa shangazi, huyu ni jirani lakini ni kama ndugu, sala, salamu za paroko, sala tena. Nilikaa nikasimama, nikaenda jikoni bila sababu, nikarudi, nikawa natikisa goti mpaka mama akanifinya. Nilikuwa natamani anywe nione amefurahi, basi.

Mwishowe mzee akainua kibuyu, akavuta. Hakikupanda kitu. Akavuta tena, mashavu yakazama.

"Mrija umeziba?" akauliza.

"Vuta, kaka!" msemaji akamtania. "Au mapafu nayo yamestaafu?"

Watu wakacheka. Mzee hapendi kuchekwa. Akavuta kwa hasira, macho yakamtoka, mshipa wa shingo ukasimama kama kamba, halafu tukasikia *plop*, akakohoa, akauchomoa mrija, na nyuma yake ukafuata uzi mrefu wa kahawia, unang'aa, unaning'inia, haukatiki.

"Mawe, mama yangu!" shangazi yao akaruka. "Mlenda!"

"Mlenda gani wakati unanuka ziwa?" mwingine akasema. "Hayo ni magugu maji!"

Mzee akamgeukia baba yangu, taratibu. "Waitu, ndugu yangu, kama hamtaki binti aje kwetu mngesema. Si lazima kutuwekea kitu kwenye kibuyu."

Kitu. Hilo neno likawafanya wengine wote waweke vibuyu chini kwa pamoja. Koku alikuwa mlangoni na khanga yake mpya, uso umekauka. Hapo ningenyamaza, baba angesema neno, pengine yangeisha. Lakini mimi!

"Nimeonja mimi, mmeniona!" Nikakinyakua kibuyu mikononi mwa mzee, nikavuta mrija, hakuna kitu, nikakiinamisha, hakuna kitu, nikakitikisa, na donge lote likatoka kwa mara moja likatua kwenye kanzu nyeupe. Pa! Likakaa hapo gotini linatetemeka kama lina roho.

Na bado sikunyamaza. "Ni mwani wa kahawia, baba! Una nyuzinyuzi! Nimekuwekea wewe hasa, kwa ajili ya hiyo sukari yako!"



"Sukari?" msemaji akauliza. "Kaka, una sukari?"

Mzee alimtazama Mutalemwa, Mutalemwa akamtazama Koku, na Koku akanitazama mimi, kisha akageuka akaingia ndani. Nimeshapigwa, nimeshafukuzwa darasani, lakini mgongo ule wa dada yangu ukiingia ndani sitausahau. Wageni wakaondoka bila kula. Ndizi zikapoa sufuriani, nyama, kila kitu, na mama hakunigombeza hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Mutalemwa akaacha kupokea simu za Koku. Baba akanipeleka Kagoma kuomba radhi, nikapiga magoti tangu kwenye mlango. Nikamwambia Mutalemwa kwamba Koku hakuwa anamsema mzee kwa ubaya, alikuwa anamwogopea, aliyeitoa siri hadharani ni mimi peke yangu. Mutalemwa akainamisha kichwa. Mzee alikuwa anakunywa chai, akakisukuma kikombe mbele yangu.

"Onja."

Nikaonja. Haikuwa na sukari hata punje.

"Umeona ulichonifanyia? Sasa ndugu zangu wote wamekuwa madaktari. Yule mdogo wangu anakuja kila asubuhi kuchungulia kikombe." Akanitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke. "Dada yako alimhurumia mtu ambaye hata hajawa mkwe wake. Tutarudi. Lakini wewe ukae mbele yangu, niione mikono yako."

Basi wakarudi, na mimi nikawekwa kwenye kiti cha plastiki kumkabili mzee, viganja juu ya magoti kama mtoto wa chekechea, huku Koku (aliyeanza kunisemesha, ila kwa maneno mafupi) akinichungulia toka mlangoni. Mama, kwa kuwa siri haikuwepo tena, alimjazia mzee kibuyu chake peke yake cha maji matupu. Watu wakiwa kwenye utambulisho, mzee akainama kwangu akashusha sauti.

"Wewe. Ule mwani. Ni kweli unasaidia?"

Jamani! Ulimi ulinicheza mdomoni. Madini joto, nyuzinyuzi, utelezi, vyote vilikuwa vimepanga foleni. Nikamtazama Koku. Nikavimeza vyote.

"Baba, umuulize daktari wako kwanza."

Akanikazia macho, kisha akanisogezea kibuyu. "Onja."

Nikaonja, maji matupu. Lakini hakunywa. Alikiweka katikati ya miguu yake, akakunja mikono, na tukakaa hivyo mimi na yeye tunakitazama kibuyu, yeye anasubiri aone kama kitaganda, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nasubiri bila kutikisa goti. Mfuko wa Happiness bado ninao. Naweka kidogo kwenye uji wangu mwenyewe, baada ya kuuloweka usiku kucha, na kibuyu cha mtu mwingine sitakigusa tena, labda niwe nimetumwa kukiosha.