Mama Waya na Waya wa Buluu

Saa tatu asubuhi, chumba cha seva kina baridi ya kukausha midomo. Mwanamke mwenye sweta nene amesimama mbele ya makabati ya kompyuta, mikono ameifunga nyuma. Shingoni amevaa waya wa mtandao wa rangi ya buluu.

"Leo sigusi kitu," anasema. "Nikigusa tu, likizo yangu imeota mbawa."

Wenzake humwita Mama Waya. Ndiye aliyepanga mtambo huu wa kompyuta sitini zinazofanya kazi kama moja, zikipiga hesabu za mvua na mafuriko katika kituo cha utafiti. Wiki ijayo mama yake mzazi anapasuliwa macho, na anamtaka binti yake kando ya kitanda.

Mkuu wa kituo ameweka sharti. Umeme utazimwa ghafla, kisha mtambo uamke wenyewe bila hesabu za watafiti kupotea. Ukishindwa, Mama Waya haendi popote.

Hakuanzia kwenye baridi hii. Alianza na meza ya kutengeneza simu kando ya barabara, nusu ya kipato ikimezwa na kodi ya chumba. "Jua lilinichoma mpaka nikasema, nitafute kazi ya ndani," anacheka.

Alipowasilisha mpango wake hapa, mkuu aliguna kuona seva mbili: moja ya kusimamia kompyuta zote na kuzigawia kazi, nyingine ya usakinishaji, yaani kuipa kompyuta mpya programu zake za kuanzia. Kwa nini isiwe moja, gharama ipungue?

"Nilimwambia, Mzee, moja ni nyapara, nyingine ni mkunga. Ukimpa mkunga unyapara, iko siku atataka kumzalisha hata mtu mzima."

Mkuu alicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Alikofanya kazi awali, mwenzake aliisahau seva ya usakinishaji ikiwa imechomekwa. Umeme ukakatika, ukarudi. Kompyuta zilipowaka zikaikuta seva ile ikizisubiri, nayo ikazipokea zote kama mpya, ikazifuta na kuzisakinisha upya. Kazi ya mwaka mzima ikaenda na maji.

"Mtafiti mmoja alikaa sakafuni, akaitazama skrini tupu. Iliniuma sana. Ule uso ninao mpaka leo."

Tangu hapo, waya wa seva ya usakinishaji huuchomeka pale tu inapoletwa kompyuta mpya. Kazi ikiisha anauchomoa na kuuvaa. Mama yake, ambaye wakati ule alikuwa bado anaona kidogo, alimuuliza ni mganga gani kampa hirizi ndefu namna hiyo.

Sasa mkuu anaingia na kushusha swichi kuu. Feni zinanyamaza. Mama Waya anatazama sakafu, na mkono mmoja unapanda kushika waya.

Umeme unarudi. Seva ya usimamizi inatangulia kuwaka, kisha kompyuta zinafuata, kabati baada ya kabati. Mtafiti aliyekaa mbele ya skrini anasogeza miwani yake.

"Zimeendelea pale zilipoishia," anasema.

"Haya, nimesalimu amri," anasema mkuu. "Nenda kwa mama."

"Nakwenda, Mzee. Lakini waya huu sisafiri nao."

Anauvua. Mkuu anatazama kulia na kushoto, haoni wa kumsukumia. Anainamisha kichwa, anavalishwa.

"Usimpe mtu mpaka nirudi. Hata akulilie."

Mpango wake ni kurudi na mama yake, akijaliwa kuona vizuri. "Miaka yote ananiuliza, mwanangu, kwani kazi yako hasa ni nini? Namweleza, hanielewi. Safari hii atajionea mwenyewe," anasema akibeba mkoba wake. "Na nitaanza kumwonyesha bosi wangu, alivyopendeza na hirizi."